Nahodha Asiyetazama Mbele

Same hakuna bahari, lakini Nahodha tulikuwa naye. Hata leo, ukiuliza pale stendi Nahodha anakaa wapi, mtu atakuelekeza kwa kidevu, halafu atacheka. Kicheko hicho kimenichoma miaka mingi, kwa sababu Nahodha alimwoa dada yangu, na anayemcheka shemeji yako amekucheka na wewe.

Habari za alikozaliwa siziwezi. Mwenyewe alizieleza kila mara kwa namna mpya, kutegemea nani anasikiliza. Alikuja uwandani kwetu kama walivyokuja wengi, kwa kufuata mkonge, na alipochoka kukata akaingizwa korona, kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, akakabidhiwa pampu za maji. Nilipomjua mimi alikuwa tayari na ile sauti yake ya kushindana na mashine. Alizungumza na mtu aliyesimama mbele ya pua yake kana kwamba kuna injini katikati yao.

Aibu zake zilikuwa za ajabu. Pale ambapo mtu mwingine angezimia, yeye hakuwa nazo kabisa. Alivaa jaketi la kuelea majini, lile la rangi ya chungwa, juu ya shati la kanisani, akakatiza nalo sokoni Same jua likiwaka. Shingoni alining'iniza ufunguo wa boti uliofungiwa kipande cha boya, ili ukidondoka majini usizame. Vijana wakimwita, "Nahodha, meli iko wapi?" anajibu kwa uzito wote, "Iko gereji." Mimi wakati huo nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko kwetu mlimani, mtu wa kalamu mfukoni, na kila nilipoliona lile jaketi upande huu wa barabara nilikumbuka shughuli upande wa pili. Nilimwonea aibu, tena aibu ya kukunja shingo.

Lakini mpe pampu, utamheshimu. Ile miaka ya shida, sabuni ilipokuwa ya foleni na sukari ya kunong'onezana, korona ilikuwa inasimama kwa kukosa kitu kidogo kama kipande cha mpira. Nahodha, ambaye bado hakuwa Nahodha, alikata mpira kwenye soli ya kiatu chake mwenyewe. Pale mhimili unapoingia kwenye pampu na maji yanataka kuvuja, alisokota nyuzi za mkonge, akazipaka mafuta ya kondoo, akazikandamiza pale, na pampu ikanyamaza kuvuja. Aliporudi nyumbani alinuka kondoo hadi dada akamlaza jikoni. Alisimulia hilo kwa fahari mbele ya wageni, na dada akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Mitumba ikamwagika sokoni, maduka yakajaa, na shamba la mkonge likapata mmiliki mpya, tajiri kutoka mjini ambaye hakuwa mtu mbaya ila alichoka haraka. Alipenda bwawa letu lile la chini ya milima, ukipita kijiji cha Kisiwani, akasema wageni wake wa wikiendi watatembezwa majini. Akaleta boti nyeupe juu ya trela. Nchi nzima ya mkonge ilitoka kuiangalia. Mtu wa kwanza kulala chali chini yake, mchangani, alikuwa shemeji yangu. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake.

"Boti nyingine zina panga nyuma," alinieleza, "linakata maji. Bwawa letu lina visiki na maji machache, panga lingevunjika siku ya kwanza. Hii haina panga, shemeji. Hii ina koo. Inameza maji kwa chini, inayatema nyuma kwa nguvu, na huko kutema ndiko kwenda. Ni pampu ya korona tu, imepewa likizo."

Hivyo ndivyo alivyopata cheo. Kuanzia hapo akawa Nahodha, na ile boti akaitunza kuliko alivyojitunza. Hakuiwasha palipo na maji ya magoti, maana ingekula kokoto. Aliisukuma kwa mti mrefu mpaka kwenye kina ndipo awashe. Wageni wakishaondoka aliisafisha koo kwa maji safi, akapapasa kingo za impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, na palipoliwa na mchanga akapasugua kwa tupa taratibu. Mwanya kati ya gurudumu na ukuta wake aliupima kwa kucha ya kidole gumba. Ukizidi unene wa kucha, alisema, pampu inabweka bila kuuma. Grisi aliisukuma kwenye beringi mpaka ile ya zamani ikatoka yote na mpya ikaonekana. Na kabla hajatia mkono kwenye koo la boti, ufunguo lazima uwe shingoni mwake. Hapo ndipo ulipoanzia ule mkufu waliomchekea.

Alijaribu kunifundisha kuendesha. Nilikwenda nikakiona kisiki mbele, nikaogopa, nikafanya anachofanya kila mwenye akili timamu: nikapunguza mafuta. Usukani ukafa mkononi. Nikaugeuza kulia, nikaugeuza kushoto, boti ikaenda ilikotaka, ikapanda kwenye matete na kutulia humo.

"Umeona?" alipiga kelele, amefurahi kana kwamba nimefanya vizuri. "Maji yanayotemwa ndiyo yanayoigeuza. Ukiachia mafuta, umeachia na usukani. Ukiogopa, ongeza!"

Neno hilo alilifanya la matumizi yote. Mtoto akikwama kwenye hesabu, ukiogopa ongeza. Dada akisita kupeleka ombi kwa mwenyekiti wa kijiji, ukiogopa ongeza. Padre mmoja aliyepanda boti siku moja alilipeleka kwenye mahubiri, na Nahodha, ambaye ni Mlutheri kwa kuoa, akaenda misa ya Wakatoliki kulisikia.

Mtu mmoja tu duniani alimfanya aachie mafuta, naye ni mama yangu.

Mama hakumtaka tangu mwanzo. Sisi ni watu wa mlimani, wa kahawa na migomba na mfereji wa babu, na kwa mama yangu uwandani ni mahali watu wanapokwenda kupata homa. Mama alimwita Nahodha "yule mtu wa mkonge", na hakubadilisha hata walipozaliwa wajukuu. Mahari ilipokelewa, ndoa ikafungwa kanisani, jina likabaki lile lile.

Naye Nahodha akaja na adabu. Zamani kwetu mkwe alimkwepa mama mkwe. Hakumtazama usoni, hakula mbele yake, wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi. Mambo hayo yalikuwa yamelegea. Kanisani wakwe walikaa benchi moja na kupeana mikono, na hakuna aliyekufa. Lakini Nahodha hakutaka kusikia habari ya kulegea. Sijui kama kwao walikuwa wakali hivyo au alidhani mgeni lazima azidishe. Alichukua adabu za kwao akaongeza na zetu za kale. Mama akitokea, lile jitu la kelele lilinywea. Alimsalimia akiwa nyuma ya mlango: "Shikamoo mama," na sauti imekuwa ya kwikwi. Mama anajibu, "Marahaba," kwa ukuta. Makande yake aliletewa nje, akala kwa kujificha nyuma ya banda la mbuzi. Dada alilia kwa aibu mara nyingi, maana majirani walitoka kuangalia.

Kilichomuuma Nahodha kuliko vyote ni lile jina. Aliniambia wazi, tena mara nyingi. Hakutaka shukrani wala zawadi kutoka kwa mama. Alitaka amwite kwa kitu chochote kingine. "Mtu wa mkonge ni nani? Mkonge wenyewe nimeuacha," alisema. "Siku atakayoniona juu ya maji, shemeji, hatasema hivyo tena."

Basi tajiri alipomruhusu kuwatembeza wa nyumbani kwake Jumapili moja baada ya ibada, dada alipanda mlimani kumbembeleza mama. Mama akashuka na lori la shamba, kavaa doti yake mpya ya kanga, moja kiunoni na moja mabegani, viatu kashika mkononi visichafuke. Nahodha alikuwa ameondoa lile jaketi lake bovu. Alivaa suruali nyeupe ya mitumba iliyopigwa pasi hadi inakata, na shati jeupe. Kwa mara ya kwanza sikutamani upande wa pili wa barabara.

Matatizo yalianzia kwenye kukaa. Boti ile ilikuwa nzito nyuma, na mama yangu, Mungu amjalie, ni mtu wa uzito wake. Lazima akae mbele, katikati. Na Nahodha akiwa kwenye usukani, mbele yake katikati ndipo macho yake yanapopaswa kuwa. Nilimwona anahangaika. Mwisho akawasha, akaongeza mafuta, na akaendesha huku amegeuza uso pembeni, anatazama kilele cha Shengena. Tulikwenda vizuri kwa muda. Upepo ulikuwa mzuri, dada alicheka, na mama, ambaye hakuwahi kupanda kitu majini, alishika kingo akasema kwa Kipare, kwa sauti ya chini, kwamba kumbe maji nayo yana barabara. Mimi nilisikia, ila Nahodha hakusikia.

Wiki ile wakulima walikuwa wameitana msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kufyeka mfereji unaoingia bwawani. Walifanya kazi nzuri. Matete yote waliyoyakata yalikuwa yameelea mpaka bwawani na kutanda juu ya maji. Niliyaona mbele yetu, kijani kama bustani. Sikujua kwamba ni jambo. Aliyejua alikuwa anatazama mlima.

Injini ilipiga ukelele wa juu, boti ikalegea na kusimama. Koo lilikuwa limesakamwa. Nahodha alifanya yale yanayopaswa kufanywa: akazima, akangoja uchafu udondoke wenyewe, akawasha, akashusha kile kikombe cha nyuma cha kurudishia maji ili boti icheue. Haikucheua. Palikuwa na kifuniko cha juu cha kuingizia mkono, lakini mpira wake ulipochakaa haukupatikana mwingine Same wala Moshi, naye alikuwa amekiziba kwa lami ya barabara, imara kweli kweli. Ikabaki njia moja, na niliijua hata mimi: mtu avue nguo, aingie chini ya boti, achomoe matete kwa mkono. Kati yetu wote aliyejua kuogelea ni yeye. Sisi wa mlimani tunajua maji ya kunywa na ya kumwagilia.

"Shemeji," nilimnong'oneza, "si uingie utoe?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mbele ya mama?"

"Basi ingia na nguo."

Akaangalia ile suruali nyeupe, akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Mama, bila kugeuka, aliuliza, "Mwanangu, mtu wa mkonge anasemaje?"

"Anasema boti inapumzika, mama."

"Basi na sisi tupumzike." Akafungua kitambaa, akatoa viazi vya kuchemsha, akatugawia. Cha Nahodha alimpa dada ampelekee. Hakukila. Upepo ulitusogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye visiki, na yeye, fundi aliyemkataza kila mtu kufanya hivyo, akawasha tena na kuongeza mafuta. Akaongeza zaidi. Injini ile inapozwa na maji yale yale yanayopita kooni, na kooni hapakuwa na maji. Mvuke ukatoka, harufu ya kuungua ikatoka, kisha kukawa kimya. Alikuwa ameiua kwa mkono wake mwenyewe, na alijua kabla yetu.

Tulikaa juani mpaka mvuvi mmoja akaja na mtumbwi wake. Kavaa kaptula iliyotoboka, hana shati. Hakuuliza mkwe wala nani. Alijitumbukiza, akapapasa chini, akaibuka na konzi la matete akaliinua juu. "Ni haya tu?" aliuliza.

Ufukweni watu wa ibada walikuwa wamejaa. Walisikia. Mvuvi akatuvuta kwa mtumbwi hadi maji ya magoti, akambeba mama mgongoni hadi nchi kavu, huku Nahodha amesimama nyuma ya boti amewapa mgongo, na watu wakacheka hadi wakakaa chini. Nilitamani bwawa linimeze. Najua yeye alilitamani zaidi.

Tajiri alimfukuza kazi kesho yake na hakuudai ufunguo, maana haukuwa na cha kufungua. Boti ikabaki kwenye trela nyuma ya korona, kuku wakataga humo. Nahodha na dada wakahamia Same mjini, akatafuta kijipampu, akaanza kuosha malori, na bodaboda zilipoingia akaosha na hizo. Kwa maji yake ya kurusha hakuna tope lililobaki. Jaketi na ufunguo alivaa kila siku, na nadhani sasa naelewa: kama watacheka, wacheke kitu alichochagua mwenyewe.

Ila nyumbani kwetu hakukanyaga tena. Wajukuu walipopata kipaimara, alibaki chini barabarani na gari la kukodi. Baba alipofariki alikuja, akachimba kaburi pamoja na vijana, akashuka mlima kabla ya chakula. Alituma sukari, sabuni, baadaye taa ya sola. Mama alivipokea na kuviweka. "Ananidharau," aliniambia kila mara. "Kanipeleka majini, kaniacha nikabebwa na mwanaume nisiyemjua, hata pole hajanipa. Mtu wa mkonge ni mtu wa mkonge."  Nilimwonea aibu mama kwa kutosamehe, nikamwonea aibu shemeji kwa kutoomba.

Mwaka jana mama aliumwa miguu ikafa ganzi, tukamshusha hospitali mjini. Sasa ni mzee sana, mwepesi kama mtoto. Asubuhi niliyokwenda kumchukua arudi nyumbani, nilimkuta Nahodha nje, kwenye benchi chini ya dirisha la wodi. Nywele nyeupe, jaketi la chungwa. Nesi akaniambia mzee huyu anakuja kila siku, anakaa hapo mpaka jioni, haingii.

"Shemeji, ingia basi umwone," nilisema.

"Amelala kitandani. Mama mkwe haonwi akiwa amelala."

Nilikuwa nimechoka, nikakasirika. Nikamwambia hizo adabu zake ndizo zilizotuchoma juani siku ile, na mama anadhani anadharauliwa mpaka leo.  Kisha akajitahidi kushusha sauti, lakini sauti ile haikujifunza kushuka.

"Haikuwa adabu peke yake, shemeji. Hela yote iliishia kwenye suruali nyeupe na lile shati. Ndani sikuwa na kitu. Ningeingia majini na ile suruali, ikilowa, ningetoka uchi mbele ya mama yako. Ningevua, ndiyo hivyo tena. Nikaona bora boti iungue." Alifuta uso kwa kiganja. "Alishaniona sina kitu. Sikutaka auone ushahidi."

 Mtu aliyeokoa korona kwa soli ya kiatu chake hakuwa na chupi ya kuvaa Jumapili, na sisi tulikaa naye tukila viazi. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa sababu ya jaketi.

Dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya mama ikatoka humo, nyembamba, kwa Kiswahili ili wote wawili tuelewe.

"Nilikuwa na kanga mbili."

Nahodha alisimama kama aliyepigwa. Alitaka kukimbia, nilimshika mkono.

"Nilikuwa na kanga mbili," mama alirudia. "Angesema, ningempa moja. Mwanangu, njoo."

Nikaingia. Alikuwa amekaa, amejifunika vizuri mpaka shingoni. Akatoa kanga ya mabegani akanipa. "Mpelekee. Ajifunike uso kama hataki kuniona, lakini aingie. Gari linangoja, na wewe mgongo wako mbovu. Atanibeba yeye."

Alijifunika. Mzee mzima, jaketi la chungwa, kanga kichwani hadi kifuani, ufunguo unaning'inia chini yake. Wagonjwa walitazama. Mmoja alianza kucheka, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilimkazia macho mpaka akaacha. Nahodha aliingia wodini kwa kupapasa, akagonga kitanda cha kwanza, akasimama.  Nikaona anataka kugeuka arudi.

"Usisimame," mama alisema. "Njoo hivyo hivyo. Kulia kidogo."

Akaja.

"Nyoosha sasa. Hapo. Inama, Nahodha, nakushika shingo."